Mutoe Betri!

Jiwe la kwanza lilivunja kioo. La pili ndilo tuliloliacha likiwa hewani wiki iliyopita, na nimeambiwa kuna kina mama wa Kamalondo walionitukana siku saba nzima kwa ajili yake.

Haya, jiwe limeshatua. Halikumpata. Lilipita karibu na sikio la Mama Geneviève, likagonga bango jekundu la simu za Tonlu nyuma yake, likaangukia ndani ya duka katikati ya maboksi.

"Mama Espérance, ingia!" mume wake Désiré alipiga kelele kutoka ndani, akimwita kwa jina la binti yao. "Tupite na mulango ya nyuma! Gari iko pale!"

Geneviève hakuingia. Alitoka nje kabisa, akasimama juu ya vipande vya kioo, mikono kiunoni.

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana nitasema kwa kifupi tu. Huyu ni Geneviève Kahambu, mzaliwa wa Butembo, muuzaji wa simu za jumla katikati ya Lubumbashi. Asubuhi ya siku hiyo simu iliyotoka dukani kwake ilishika moto mkononi mwa mwanamke mmoja aitwaye Martine. Habari ilikimbia kuliko moto wenyewe. Na mwaka ulikuwa ule wa 2008, bei ya shaba ilipoporomoka, viwanda vya kuyeyusha vikafungwa, mabosi wa Kichina wakapanda ndege bila kuaga mtu, na wanaume wa mji mzima wakawa wanaamka, wanavaa viatu vya kazi, halafu wanakaa. Watu wa namna hiyo ukiwaambia kuna mtu wa kulaumiwa, na duka lake liko hapa, hawachelewi kufika.

"Kivutien! Rudia kwenu!" sauti ililia kutoka nyuma ya umati, ikimtukana kwa kuwa mtu wa Kivu.

Désiré alifika mlangoni, uso umemsawijika. Yeye ni mtu wa Kasai kwa asili, aliyezaliwa na kukulia Likasi. Alikuwa kijana pale familia yake ilipofukuzwa kwa maneno kama hayo hayo, wakalala stesheni wakisubiri treni ya kuwapeleka katika nchi ya mababu ambayo yeye hakuwahi kuiona.

"Miye najua hii kelele," alimwambia mkewe kwa sauti ya chini. "Kwanza makelele, kisha majiwe, kisha moto. Tuende."

"Mulibaachia nyumba yenu kule Likasi. Balibarudishia?"

"Hapana."

"Basi miye sibaachie duka."

Hapo honi ikalia, na umati ukapasuka katikati. Jeep nyeupe iliingia polepole, ikashusha vijana waliovaa tisheti nyekundu za Tonlu. Mmoja alibeba mnyororo na kufuli kubwa. Nyuma yao, akiwa na tai na manukato, alishuka Godefroid.

Geneviève alimjua vizuri, maana alikuwa amemlea kikazi mwenyewe. Godefroid alianza kwa kumbebea maboksi, akajifunza kwake kuongea na wateja, akajifunza kwake hata kufunga tai. Leo ndiye mwakilishi wa Tonlu kwa Katanga yote, na tangu apewe cheo hicho alikuwa akitafuta namna ya kumwondoa Geneviève sokoni.

"Bandugu, mutulie!" alisema Godefroid akiinua mikono. "Kampuni inasikia uchungu yenu. Lakini simu ya Tonlu hailipukaka, hata siku moja! Ile yenye kuunguza mama yetu iko ya bongo, haiko ya kweli. Kuko bantu benye kuleta bintu bya bongo na kubandika jina yetu."

Hakutaja mtu. Alimtazama Geneviève tu, na umati wote ukatazama anapotazama.

Kisha akapanda ngazi, akainama karibu naye kama mtoto anayemsalimia mama yake.

"Maman, ulinifundisha kazi, sisahau. Toka na heshima. Nilikukamatia place mu ndege, iko Luano, inaruka mangaribi. Wende Butembo kidogo, bantu bapoe. Duka nitalinda miye."

"Place inapatikana namna gani mu hii mwezi? Bachinois bote banakimbia. Ndege inajaa mpaka mulango."

"Njo maana nilikamata tangu jana," alisema Godefroid, na akatabasamu kwa kujipongeza.

Geneviève alilidaka neno hilo. Kisha akageukia barabara, na sauti yake ikafika mpaka upande wa pili.

"Jana! Musikie bote! Godefroid anasema alinikamatia place ya ndege tangu jana. Mama Martine, simu ilikuunguza siku gani?"

Martine alikuwa mbele, mkono wa kulia umefungwa kitambaa mpaka kwenye kiwiko. "Leo asubui," alijibu.

"Sasa ye alijua jana namna gani?" mwanaume mmoja akauliza. Jiwe lilikuwa bado mkononi mwake, lakini mkono ulishuka.

Tabasamu la Godefroid lilikauka. "Juu ya... jana kulikuwa ingine, Likasi," alisema, na papo hapo akatamani kuyameza maneno yake.

"Ingine ya nini?"

"Ingine ya bongo! Kama hii! Zote zinatoka kwake!"

Umati ukavuma tena. Geneviève aliona macho yakirudi kwake, akajua ana muda mfupi sana.

"Bon," alisema. "Tuangalie. Papa Espérance, leta meza na tournevis."

Désiré alisita. Zamani alikuwa fundi wa simu za waya za serikali, mpaka watu walipozikata nyaya zote na kuziuza kama shaba, na kazi yake ikapotea kwenye mizani za wanunuzi. Tangu hapo alitengeneza simu za mkononi katika chumba cha nyuma. Alileta meza. Kisha akarudi ndani kuleta bisibisi.

Mume wa Martine alikuwa amenunua simu mbili siku moja, moja yake na moja ya mkewe. Ile ya pili ilikuwa bado nzima. Martine alifungua fundo la kitenge kwa mkono wake wa kushoto, akaitoa kama mtu anayetoa nge, akaiweka mezani.

"Bote munajua sauti yangu," Geneviève aliuambia umati. "Simu ya Tonlu ukiiwasha inasema, na ni miye nasema. Za bongo hazina ile. Zinaliaka paka muziki tu. Muangalie."

Alikuwa na hakika. Simu za bandia alizipambanua kila siku, nyingine zikiwa na nembo iliyokosewa herufi, nyingine zikifunguka zenyewe kama karanga. Alibonyeza kitufe akiwa ameshaandaa maneno ya kumfukuza Godefroid barabarani.

Kioo kikawaka bluu.

"Karibu! Uko na Tonlu," ilisema simu. "Betri yako iko mingi."

Sauti ilikuwa yake. Furaha ile ilikuwa yake, na kicheko kidogo mwishoni, alichokicheka siku aliyorekodi kule Guangzhou kwa sababu fundi wa Kichina aliishika mashine ya kurekodia kichwa chini. Hakuna mwigaji angeweza kukiiga.

Geneviève alishika ukingo wa meza.

Désiré alikwisha kufungua kifuniko. Alitazama ndani, akaipima betri kiganjani, akaipima tena. "Ni ya Tonlu," alinong'ona. "Yote iko yao. Paka betri tu njo ya mupya. Iko nyepesi kuliko za zamani."

Godefroid naye alikuwa ameisikia sauti, na akili yake ilifanya kazi haraka kuliko ya mtu yeyote pale. "Munasikia?" alipaza sauti. "Hata sauti baliiba! Iko ya bongo!" Kisha akamnong'oneza Geneviève, meno yamebana: "Sema vile, Maman. Sema balikudanganya na weye. Sisi bote tutapona. Hakuna mwingine anajua."

Na kweli hakuna aliyejua. Mtu mmoja tu katika barabara ile angeweza kusema kama sauti ile ni yenyewe au ni ya kuiga.

"Mama Espérance," Désiré alimnong'oneza. "Sema iko ya bongo. Turudie nyumbani."

Geneviève alitazama umati. Aliona mwanamke aliyembeba mtoto mgongoni, na simu nyekundu imechomekwa kwenye mkunjo wa kitenge, karibu kabisa na mguu wa mtoto. Akakumbuka binti yake Espérance kule Kinshasa, anayelala na simu chini ya mto ili isiibiwe. Simu ile ile. Mama yake ndiye aliyempa.

"Hii simu iko ya kweli!" alisema.

Godefroid alifumba macho.

"Iko ya kampuni, na niliiuzisha ni miye. Sauti iko yangu. Sikujua betri ilibadilika, lakini nilibauzishia, na sibadanganye sasa. Mutoe betri! Bote benye Tonlu ya hii mwaka, mutoe betri sasa hivi!"

Kelele iliyofuata ilikuwa ya kutisha. Yule mwenye jiwe aliliinua tena, akapiga hatua mbele. Lakini kabla hajarusha, Martine alikuwa amesimama mbele yake na mkono wake wa kitambaa.

"Shusha! Tangu usine za shaba zinafungwa, mukubwa gani alikuya kutuambia kweli? Yako ya usine alikuambia? Alikimbia! Huyu anasema, na iko inamuumiza mwenyewe. Ukirusha, utanirushia miye."

Mwanaume alimtazama, akatazama kitambaa, akatupa jiwe mtaroni. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu yake nyekundu, akaifungua.

Wengine wakafuata. Barabara nzima ikajaa mlio wa vifuniko vikifunguka, ta, ta, ta, na betri zikawekwa mezani kwa Désiré mpaka meza ikajaa. Hakuna aliyemwona Godefroid akirudi garini. Mnyororo na kufuli aliondoka navyo, na simu ilikuwa sikioni mwake, akisema kwa haraka.

* * *

Umati ulikuwa haujaisha pale mtu mwingine alipogonga mlango wa nyuma.

Alikuwa Wen. Kama hukumbuki, Wen ndiye mkubwa wa Tonlu katika sehemu hii ya Afrika. Geneviève alimkuta Guangzhou zamani akiwa kijana mwenye kimeza kimoja cha kuuzia chaja. Safari yake ya kwanza Lubumbashi alilala juu ya maboksi katika duka hili hili, akala bukari, ugali wetu wa hapa, kwa mkono, na Kiswahili chake chote alikiokota hapa, barabarani. Leo bango la Tonlu linakupokea ukishuka ndege Luano na linakufuata mpaka mjini, na kiwanda chao kule kwao ni kikubwa kuliko mtaa.

"Mama Geneviève," alisema Wen bila kukaa. "Unajua kintu unafanya?"

"Najua. Weye je? Mulijua mambo ya betri?"

Wen aliangalia sakafu. "Tulijua kisha simu zilikwisha kuondoka. Mama, kule kwetu pia iko mbaya. Bulaya na Amerika habaombe tena bintu. Usine zinafungwa, bantu ba kazi banarudia kwao na masakoshi begani. Inabakia paka Afrika. Bakubwa balisema tukate bei. Tukabadilisha muntu wa kutuletea betri."

"Na mukanyamaza."

"Tukirudisha simu zote sasa, kampuni inakufa. Bantu ngapi banakula na hii kampuni? Hata hapa."

"Wen, wakati ule uliniuliza, Mama, bantu ba kwenu banataka simu ya namna gani? Nilikuambia ikuwe na fasi ya karte mbili za SIM, juu réseau za simu hazipendane. Nilikuambia betri ya kukawia, juu courant ya umeme hatuna. Nilikuambia isemeshe, juu bamama bengi habakusoma. Yote mulifanya. Na njo ilibapandisha."

"Kweli. Sibishi."

"Basi leo tena nakuambia. Bantu ba kwetu habataki simu ya kubaunguza."

Wen alivuta pumzi. Kisha akasema alichotumwa kusema.

"Godefroid atatoka. Weye njo utakuwa représentante wa Congo yote. Sauti yako tutaiingiza mu simu za Tanzania, za Kenya, za Uganda, fasi yote kwenye Kiswahili. Bakubwa banaomba kintu kimoja. Useme ulikosea. Kisha unyamaze."

Désiré alikuwa akisikiliza kizingitini. Alimtazama mkewe.

Nisikudanganye, msomaji. Geneviève alitamani. Mwanamke aliyeanza kwa kuuza tochi na betri za redio kwenye turubai barabarani, asitamani sauti yake isikike kutoka hapa mpaka pwani? Alitamani mpaka akahisi joto kifuani.

"Wen," alisema, "mama mwenye hajasoma akishika hii simu, ananiamini miye. Hakujue weye, hajue Guangzhou. Anajua sauti ya Mama inasema betri iko muzuri. Nikinyamaza, haiko Tonlu inamuunguza. Ni miye. Hapana. Wende ubaambie hapana."

Wen akatoa simu yake mwenyewe mfukoni, akafungua kifuniko, akatoa betri, akaiweka juu ya boksi.

"Basi wende ku redio haraka," alisema. "Godefroid alikwisha kuita bantu yake, banataka kuondosha simu zote hapa mbele muntu azipime. Miye sikukuona leo."

Akatoka na mlango aliouingilia.

Geneviève alichukua mkoba. "Tuende, Papa Espérance. Endesha."

"Kamata taxi," alijibu Désiré.

"Nini?"

"Bakibeba haya maboksi, kesho batayauzisha Kipushi, ao Zambia. Batoto ba bantu bataungua. Miye nabakia na duka." Alishika tournevis kama mtu anayeshika panga, akaona aibu, akaiweka chini. "Wende, mbele nibadilishe mawazo."

Walikuwa wameoana miaka mingi, na Geneviève hakuwa amewahi kumwona akikaa mahali penye kelele. Alitoka, akainua mkono barabarani. Teksi ikapiga honi.

* * *

Studio ya redio ya mtaa ilikuwa chumba kimoja cha joto, kuta zimebandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Claudine, mtangazaji wa kipindi cha mchana, alimsikiliza Geneviève mpaka mwisho, akiwa ameshika vipokea sauti vya masikioni mkononi.

"Mama, unajua nani anatupatiaka mazout ya groupe?" aliuliza, akionyesha jenereta iliyokuwa ikinywa mafuta nje. "Tonlu. Tukisema hii leo, kesho redio inazimika."

"Najua."

Claudine alifikiri kwa muda wa tangazo moja la sabuni. "Basi tuseme leo, tukingali tuko na mazout," alisema, na akafungua kipaza sauti.

Geneviève alisogea karibu.

"Karibu," alisema.

Neno hilo moja lilitosha. Katika vibanda vya Katuba, chini ya miavuli ya soko la mtaa wetu uitwao Kenya, katika teksi zilizosimama mbele ya posta, watu waliinua vichwa. Waliijua sauti. Waliamka nayo kila asubuhi.

"Ni miye mwenye kusema mu simu yenu. Leo siseme betri iko mingi. Leo nasema mutoe betri. Simu za Tonlu za hii mwaka ziko na betri mubaya, na kampuni inajua. Usilale nayo. Usiipatie mutoto. Usiichaji. Mutoe betri, muweke fasi hakuna kintu cha kuungua. Haiko bongo, haiko fausse. Niliziuzisha, na kila mwenye kununua kwangu atanipata mu duka yangu kesho, siende fasi."

Simu za studio zikaanza kulia. Mwanamke wa Ruashi alisema yake imevimba kama mkate. Mzee wa Kipushi alisema ya mjukuu wake iliunguza godoro Jumapili, wakadhani ni mshumaa. Kijana mmoja alipiga akicheka, akakiri kwamba amerudisha betri kidogo tu ili apate kupiga. "Toa!" Geneviève alimkaripia hewani. "Toa sasa hivi, mupumbafu weye!" na mji mzima ukacheka naye.

Simu iliyofuata haikuwa ya kucheka.

"Mama Geneviève," ilisema sauti ya mwanaume, taratibu. "Bwana yako eko hapa na siye."

Claudine aliruka, mkono wake ukaenda kwenye swichi ili akate. Geneviève aliukamata.

"Sema ulikosea," sauti iliendelea. "Sema zile simu ziko za bongo, uliletewa. Kisha ataenda ku nyumba. Usiposema..."

"Papa, weye njo nani?" Geneviève aliuliza. "Uko ku redio. Muji yote inakusikia, na mama yako pengine. Sema jina yako."

Kwa mbali kilisikika kitu kikiburutwa juu ya saruji, na injini kubwa ikinguruma bila kuondoka.

"Hauna jina? Basi nipatie bwana yangu. Nitasema kintu unataka, lakini kwanza nisikie kama eko muzima."

Mwanaume alisita. Bila shaka aliona ni jambo dogo. Simu ilibadilisha mikono.

"Mama Espérance." Désiré alisema kwa shida, kama mtu mwenye mdomo uliopasuka. Halafu maneno yakamtoka yote kwa mkupuo, na hofu yake ya miaka yote haikusikika ndani yake hata kidogo. "Camion iko ya bleu! Banapakia simu, banapita route ya Kasumbalesa! Usinyamaze, Geneviève! Usinya..."

Mlio mmoja, kama meza inayopinduka. Laini ikakatika.

Geneviève alisogea tena kwenye kipaza sauti. Alipofungua mdomo, sauti ilikuwa ile ile ya kila asubuhi.

"Mumemusikia bwana yangu. Camion ya bleu, route ya Kasumbalesa, ya kwenda Zambia. Ndani muko simu zenye kuunguza batoto, na pengine muko baba ya mutoto yangu. Mwenye kuiona, atuambie."

Sekunde hazikupita nyingi. Fundi wa baiskeli alipiga: lori la bluu limepita tunnel, linakimbia. Muuza vocha akapiga: limekata kona, nusura limgonge. Dereva wa teksi akapiga akiwa analifuata, honi ikilia, na nyuma yake honi nyingine, na nyingine.

Kisha ikaingia sauti ya mwanamke, imejaa upepo.

"Mama, ni miye Martine. Nilirudia kwetu, nakaa hapa pembeni ya route ya Kasumbalesa. Nashika simu ya jirani, haiko Tonlu, usiogope. Nasikia redio yako. Camion naiona, inakuya."

"Iko inapunguza mwendo?"

"Hapana. Inaongeza."

"Mama Martine, uko fasi gani?"

"Niko katikati ya route."

Claudine alifunika mdomo wake. Geneviève alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Toka! Martine, toka mu route! Acha ipite!"

"Uliniambia kweli mbele ya bantu," alisema Martine, na hakupaza sauti. "Sitoke."

Honi ya lori ilijaa katika simu, ikajaa katika studio, ikajaa katika kila redio iliyokuwa wazi Lubumbashi. Ililia, ikakaribia, na haikukoma.